Uzamili wa Ustawi wa Jamii: kabla ya kulipa ada, uliza nani atakusimamia fildi

Mtetezi wa Kitongoji (mleta mada)

Wakuu, salaam kwenu.

Kila msimu wa udahili ukikaribia, inboksi yangu hujaa swali lilelile: nikasome wapi uzamili wa ustawi wa jamii? Wengi wanaouliza ni maafisa ustawi wenzangu wa halmashauri. Wapo pia walimu na watu wa sosholojia wanaotaka kuhamia huku, na wachache wana ndoto ya kwenda kusoma nje. Nimeona nifungue uzi tujadili wote, maana humu kuna watu walionitangulia.

Mimi ni afisa ustawi wa jamii kwenye halmashauri moja ya Kanda ya Ziwa. Shahada ya kwanza niliichukua Dar, uzamili nikausoma baadaye nikiwa kazini, na siku hizi napokea wanafunzi wa fildi, yaani mafunzo ya vitendo kazini, ofisini kwangu.

Jambo ninaloliamini ni hili. Watu wanachagua chuo kwa jina, kwa ada, na kwa kuangalia kama vipindi ni vya jioni ili mtu asiache kazi. Hayo yana uzito wake, sipingi. Lakini swali linalotakiwa kutangulia ni: nitafanya fildi kwa muda gani, na ni nani mwenye ujuzi kunizidi atakayekaa na mimi kila wiki kuzipitia kesi zangu? Chuo kisipokuwa na jibu, utatoka na cheti na tasnifu iliyojalidiwa vizuri, kisha Jumatatu unarudi mezani kufanya yaleyale uliyokuwa ukiyafanya na shahada ya kwanza.

Chukua kesi ambayo kila afisa ustawi humu anaijua. Binti wa miaka 14 analetwa na mwenyekiti wa kitongoji, ana mimba. Anayetajwa ni mume wa mama yake mdogo. Ukoo umeshakaa kikao, ng'ombe zimeshatajwa, na mama mzazi anakuomba kwa machozi usiipeleke kwa sababu mtuhumiwa ndiye anayewalisha wote. Sheria ya Mtoto ya 2009 unaijua, Dawati la Jinsia na Watoto la polisi unalijua, fomu ya polisi ya matibabu, PF3, unaijua. Hayo yote ulifundishwa shahada ya kwanza. Ambacho hukufundishwa ni namna ya kukaa na yule mama usimtishe na wala usimwachie. Hukufundishwa uandike nini kwenye ripoti ili hakimu amwone mtoto mwenyewe badala ya kuona fomu iliyojazwa. Hukufundishwa binti alale wapi usiku huo kama wilaya haina nyumba salama. Na hakuna aliyekuuliza Ijumaa yake, kwa utulivu, kwa nini uliamua ulivyoamua na hiyo kesi imekufanya nini wewe mwenyewe.

Kwangu mimi, elimu ya uzamili iko kwenye hilo swali la Ijumaa.

Sasa tuangalie wenzetu. Marekani, baraza linalothibitisha programu za fani hii, CSWE, haliruhusu mtu apewe uzamili bila saa 900 za fildi, na kwa kawaida anayemsimamia anatakiwa awe na uzamili wa fani hiihii na uzoefu wa miaka miwili baada ya kuhitimu. Uingereza (England), programu za kukupa sifa ya kusajiliwa zinadai siku 200 za vitendo, 170 kati yake zikiwa kazini kabisa. Australia ni saa 1,000.

Hapa kwetu Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, inaweka krediti 180 kwa uzamili, na krediti moja ni saa 10. Piga hesabu: saa 1,800 kwa kila kitu, yaani madarasa, kusoma mwenyewe, mitihani, andiko la utafiti na tasnifu. Ukidai fildi ya saa 900 umeshakula nusu. Ndiyo maana mitaala mingi niliyoiona inaiminya fildi mpaka inakuwa wiki chache, na tasnifu inachukua nafasi. Hakuna aliyekaa kuwanyima watu fildi makusudi. Mtindo wa uzamili tuliourithi ulikuwa wa watu wa historia na uchumi, ambao maktaba inawatosha. Sisi maktaba haitutoshi.

Nakaribisha michango.

Kijana wa Igoma

Mkuu nakuheshimu ila hapa nakupinga kidogo. Unaisema tasnifu kama vile ni mapambo. Mimi nina miaka kadhaa kazini na fildi naifanya kila siku, ndiyo kazi yangu! Ninachokosa ni uwezo wa kutafiti. Tukiitwa kwenye kikao cha halmashauri tunaulizwa takwimu, hatuna. Mashirika yanakuja na tafiti zao, wanatuambia hali ya watoto wa wilaya yetu sisi wenyewe. Mtu akisoma uzamili na akajifunza kutafiti, huyo ana faida kuliko aliyeongeza saa za kukaa ofisini.

Halafu tuseme ukweli, watumishi wengi wanasoma wapande cheo.

Mtetezi wa Kitongoji

Kijana wa Igoma, hoja yako ya kwanza naipokea yote. Tasnifu siipingi, napinga tasnifu isiyogusa kazi. Nimeona mtu mwenye mafaili ya kesi za matunzo ya watoto kabatini anakwenda kuandika juu ya mada aliyoiokota mtandaoni, kwa dodoso la watu ambao hatawaona tena. Kama msimamizi wake wa fildi na wa tasnifu wangekuwa wanaongea, yale mafaili yangekuwa utafiti, na halmashauri ingepata hizo takwimu unazozililia.

Kuhusu kuifanya fildi kila siku, hapo ndipo hatukubaliani. Kufanya kazi na kusimamiwa katika kazi ni mambo mawili. Mimi na wewe tunafanya kesi, tunaifunga, tunafungua nyingine. Kosa ulilolifanya mwaka wa kwanza unaweza kulifanya mpaka unastaafu, maana hakuna aliyekaa pembeni yako akaliona. Daktari naye yuko wodini kila siku, lakini ubingwa haupati mpaka akae na bingwa.

La cheo, mtu asidanganywe. Afisa ustawi anaajiriwa kwa ngazi ya mshahara ya TGS D kwa shahada ya kwanza, na kupanda kunafuata muundo wa utumishi, utendaji na nafasi. Cheti cha uzamili peke yake hakikupandishi daraja siku unapokipeleka kwa afisa utumishi. Kinakusaidia unapogombea nafasi za uongozi, kufundisha chuoni au kazi za mashirika. Na kabla ya kuanza hakikisha upo kwenye mpango wa mafunzo wa mwajiri na una kibali cha maandishi. Nimeshuhudia mtu anamaliza chuo anakuta ana barua ya utoro kazini.

Bi Shani wa Ng'ambo

Assalaam alaykum nyote. Naandika kutoka Unguja, niko kwenye kazi za hifadhi ya mtoto.

Kaka Mtetezi umesema kweli lakini umeliacha la pili, nalo ni kile tunachosomeshwa. Saa 900 za fildi ukiwa umeshika vitabu vya Chicago na London zitakufikisha wapi? Mimi nilisoma juu ya kuasili mtoto kwa urefu na mapana, nadharia zote, hatua zote. Nikarudi kwetu. Hapa Sheria ya Mtoto Namba 6 ya 2011 inatambua kafala, kwa sababu familia ya Kiislamu inamchukua yatima ikamlea, ikamsomesha, ikampenda, lakini nasabu yake haibadilishwi. Jina la baba yake linabaki. Mirathi ina hukumu zake. Hivyo masuali ya kumuuliza mlezi wa kafala siyo yale ya kumuuliza anayeasili. Utamuuliza habari ya wosia na hiba, yaani zawadi anayotoa angali hai, habari ya mahram, yaani nani haruhusiwi kuoana naye, mtoto akibaleghe humo nyumbani, habari ya jamaa wa damu watakavyomuona. Hakuna mwalimu aliyenipa hata ukurasa mmoja wa hayo. Nilifunzwa na bibi mmoja wa Shehia aliyelea yatima, na sheikh mmoja wa Mahakama ya Kadhi aliyenivumilia kwa masuali yangu.

Kwa hiyo mimi anayeniuliza wapi akasome, namwambia aombe mtaala auone. Kama orodha nzima ya vitabu haina kitu kilichoandikwa Afrika, na hakuna somo hata moja linalokaa na taasisi zetu wenyewe, ajue ataongeza cheti lakini itamlazimu ajifunze upya akirudi.

Mzee wa Sayansi

Wanangu, nimesoma kwa furaha. Mimi nimestaafu, nilisoma chuo cha Kijitonyama, Dar, zamani, enzi hizo kikiitwa Chuo cha Taifa cha Ustawi wa Jamii, kilichoundwa kwa Sheria Namba 26 ya 1973. Jina la Taasisi ya Ustawi wa Jamii limekuja mwaka 2002. Kwa miaka mingi tulikuwa tunapewa stashahada ya juu, na anayetaka kwenda mbele alikuwa anatafuta nafasi Ulaya, Marekani au kwa majirani. Leo mtu anasoma uzamili hapahapa nchini: Taasisi, Chuo Kikuu cha Kairuki, Chuo Kikuu Huria. Hilo ni jambo kubwa, msilidharau.

Bi Shani, hayo unayoyasema yalisumbua vichwa vya walimu pia. Mwaka 2011 ulianza mradi wa PROSOWO uliounganisha Makerere, Nairobi, Taasisi yetu, Chuo Kikuu cha Taifa cha Rwanda na chuo kimoja cha Austria, kuchunguza fani hii inavyofundishwa na kufanywa katika nchi zetu. Awamu ya pili ikaongeza Burundi, na safari hiyo wakaenda moja kwa moja kwenye njia za wenyeji za kutatua matatizo. Huko Uganda ya kusini magharibi kuna vikundi vya engozi vya kubeba wagonjwa. Burundi kuna bashingantahe, wazee wa kuamua. Rwanda wana ubudehe na sisi Wapare tuna msaragambo, kazi za kusaidiana za jamii nzima. Tafsiri ya kimataifa ya fani iliyopitishwa Melbourne mwaka 2014 nayo inasema wazi kwamba elimu za wenyeji ni sehemu ya msingi wa taaluma. Mlango upo. Kinachokosekana ni walimu wa kuupita na wanafunzi wa kuuandika.

Ila nataka niwape habari ya Addis Ababa, kwa sababu inagusa mada yenu barabara. Ethiopia walikuwa na shule ya ustawi wa jamii tangu 1959. Ikafungwa katikati ya miaka ya 1970, baada ya Derg, serikali ya kijeshi, kushika nchi, kwa hoja kwamba ujamaa ukishajengwa fani hii haina kazi. Nchi ikakaa kizazi kizima bila kufundisha afisa ustawi wa chuo kikuu. Kisha njaa, vita, wakimbizi, na UKIMWI, yote juu ya kichwa. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Addis Ababa kikaifungua tena, na walianzia juu: uzamili kwanza, mwaka 2006 udaktari wa falsafa. Walianzia juu kwa sababu hapakuwa na walimu. Walimu kutoka Chuo Kikuu cha Illinois, Chicago, walikuwa wanakuja kufundisha kwa vipindi. Waliohitimu wakawa walimu na wasimamizi wa waliofuata, na vyuo vingine vya Ethiopia vikapata watu kutoka hapo.

Chicago haohao walikuja pia Kijitonyama tangu 2006, lakini huku kazi kubwa ikawa kufundisha wasaidizi wa ustawi wa jamii wa vijijini, kwa sababu yatima wa UKIMWI walikuwa wengi na maafisa hawakutosha. Ilikuwa hatua ya lazima wakati ule. Wale wasaidizi wamefanya kazi nzuri sana, wengine hadi leo wanajitolea. Lakini msaidizi anahitaji afisa wa kumsimamia, na afisa anahitaji bingwa. Sakafu tumeijenga. Ghorofa ya juu ndiyo hii mnayoijadili leo.

Mama Neema

Shikamoo Mzee. Wapendwa, mimi ni Mkongo wa Uvira, nimekulia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, sasa niko Kentucky na niko mwaka wa mwisho wa uzamili. Nitaeleza mambo ya huku maana naona wengine wanayatamani bila kuyajua.

Kuingia: anayetoka fani yoyote anaweza kuomba, atasoma miaka miwili. Mwenye shahada ya kwanza ya ustawi wa jamii iliyothibitishwa na CSWE anaruka mwaka wa kwanza, kwa hiyo anamaliza kwa kama mwaka mmoja. Shahada yako ikiwa ya Tanzania, Kenya ao Kongo, kuna huduma ya CSWE inayoitwa ISWDRES. Unawapelekea karatasi zako, wanaangalia kama inalingana. Fanya hivyo mapema kabla hujalipa chuo chochote, kwani jibu lao linaweza kukuokolea mwaka mzima.

Fildi: mimi niko kwenye shirika linalopokea wakimbizi. Hakuna malipo. Mchana fildi, jioni darasa, usiku nafanya kazi ghalani. Wanafunzi wa Marekani wenyewe wamelalamika hilo, kuna harakati ya kudai wanafunzi walipwe wakiwa fildi. Australia serikali imeanza kuwalipa wanafunzi wake kitu kidogo kila wiki kuanzia Julai 2025. Huku bado inategemea chuo na shirika.

Sasa lile la Kaka Mtetezi, la kusimamiwa. Kila wiki lazima nikae na msimamizi wangu saa nzima. Na kabla ya kukaa ninapeleka karatasi. Imegawanywa kwa safu: safu moja nimeandika alichosema mteja neno kwa neno, ya pili nilichojibu, ya tatu nilichokuwa nasikia moyoni wakati huo, na ya mwisho ni wazi, anaandika yeye. Kuna siku nilihojiana na baba mmoja wa kwetu, amepoteza watoto vitani. Nikaandika mazungumzo yote. Msimamizi akaweka alama mahali pamoja tu, pale baba alipotaja jina la mtoto na mimi nikamuuliza kama ameshapata kadi ya bima. Akaandika: "Ulikimbia nini hapa?" Niliilia ile karatasi. Lakini sijawahi tena kukimbia.

Hiyo karatasi haihitaji pesa. Mnaweza kuifanya Kigoma kesho.

Jambo la mwisho, leseni. Ukihitimu kuna mtihani wa ASWB, umoja wa bodi za leseni za fani hii, na majimbo yanaamua ngazi gani zinaudai. Takwimu walizozitoa wenyewe mwaka 2022 zilionyesha kwamba kwenye mtihani wa ngazi ya kliniki, Wazungu waliofaulu mara ya kwanza ni kama asilimia 84, Weusi asilimia 45. Sisi ambao Kiingereza si lugha ya mama tunaumia pia. Illinois wameuondoa kwa leseni ya LSW, ambayo ni ya chini ya kliniki, tangu 2022. Kwa hiyo msiangalie chuo peke yake, angalieni na jimbo.

Tumaini la Tengeru

Nimejifunza mengi. Naomba kuuliza wakuu. Mimi ni afisa maendeleo ya jamii, nimesoma Tengeru. Mwenzangu ni mwalimu wa sekondari. Wote tunataka kuingia ustawi kupitia uzamili. Inawezekana? GPA yangu ni 2.9.

Mtetezi wa Kitongoji

Tumaini, sharti la chini la TCU kwa uzamili ni GPA 2.7, kwa hiyo hapo umevuka. Lakini kila chuo kinaweka na masharti yake juu ya fani unayotoka. Maendeleo ya jamii, sosholojia na saikolojia kwa kawaida zinahesabika kuwa jirani. Mwalimu inategemea chuo, na anaweza kushauriwa aanze na stashahada ya uzamili.

Ila nikwambie kama ndugu: kazi zetu zinafanana kwa jina tu. Wewe umezoea vikundi, mikopo ya asilimia kumi, uhamasishaji, mkutano wa kijiji. Huku utakutana na mtu mmoja mlango umefungwa. Utaandika ripoti ya uchunguzi wa kijamii ambayo Mahakama ya Watoto itaisoma kabla ya kuamua kijana arudi nyumbani au aende shule ya maadilisho ya Irambo. Maombi ya kuasili yakifika Mahakama Kuu, jaji anaangalia ulichoandika wewe. Mtu anayeingilia uzamili bila kupita shahada ya kwanza ya fani hii ndiye anayehitaji fildi ndefu kuliko wote, na ndiye mara nyingi anayepewa fupi kuliko wote, kwa sababu programu inamhesabu kuwa mtu mzima mwenye kazi. Usikubali kuruka hiyo sehemu hata kama chuo kinakuruhusu.

Mama Neema, ile karatasi ya safu nne nimeichora jioni hii. Wanafunzi wangu wa fildi wataanza nayo.

Mwana wa Kilifi

Hamjambo. Nawasalimu kutoka pwani ya Kenya, nafanya kazi na shirika linalorudisha watoto kutoka makao ya watoto kwenda kwa familia zao. Sheria ya Watoto ya 2022 na mkakati wa serikali wa 2022 hadi 2032 umetusukuma sote huko. Makao yapunguzwe, mtoto alelewe nyumbani.

Nataka niongeze uzito kwa hoja ya msimamizi. Kumrudisha mtoto nyumbani wengi hudhani ni gari na barua ya chifu. Mtoto alipelekwa makao akiwa na miaka minne, sasa ana kumi na mmoja. Kimijikenda amesahau. Nyanya hamjui. Ndugu zake hawakusoma shule nzuri kama yeye. Ukimpeleka bila maandalizi atatoroka, na safari hii atakuwa barabarani Mombasa. Maandalizi hayo ni kutembelea, kumpeleka wikendi, kumsikiliza nyanya, kurudi, kusikiliza walimu, kuandika, kufikiri. Shirika letu lina wahudumu wengi wenye diploma na moyo mkubwa. Wenye uzamili ni wachache na wamewekwa kuandika ripoti za wafadhili. Yaani yule aliyesomeshwa kusimamia, hasimamii.

Kwa hivyo hata chuo kikifanya kazi yake, mwajiri naye anaweza kuipoteza. Mlifikirie hilo.

Kwa wanaotafuta ufadhili, kuna programu ya Erasmus Mundus ya ustawi wa familia na watoto, MFAMILY, ya Lisbon, Stavanger, Gothenburg na Makerere. Kwa mtu wa Afrika Mashariki ni vizuri kwamba Makerere ni mmoja wa wenyeji, si mgeni mwalikwa. Angalieni tangazo lao wenyewe kwa masharti, na kama ufadhili bado upo. Chevening, Commonwealth na Fulbright pia wanapokea watu wa fani hii, na kamati zao hupenda mtu anayeeleza kesi za kazi yake kwa undani kuliko anayesifu maendeleo kwa jumla.

Dada wa Wodini

Niko kitengo cha ustawi wa jamii hospitali ya rufaa. Naandika haraka maana niko zamu.

Mnawasahau hospitali. Hapa tunapima nani apewe msamaha wa matibabu, tunatafuta ndugu wa wasiojulikana, tunakaa na mama aliyeambiwa mtoto ana saratani. Mwanafunzi wa uzamili akija hapa kwa miezi michache anaona mambo ambayo ofisi ya kata haitamwonyesha kwa miaka. Lakini wanaokuja wengi ni wa shahada ya kwanza. Wale wa uzamili wanafanyia fildi kwenye ofisi zao wenyewe kwa sababu hawajapewa likizo. Anasainiwa na bosi wake huyohuyo, na kazi ni ileile.

Mimi nina uzamili na niko tayari kusimamia watu. Sijawahi kuandikiwa na chuo hata kimoja kuombwa.

Kijana wa Igoma

Nimerudi. Baada ya kusoma haya nilipiga simu chuo kimoja ninachokitaka (sitakitaja). Nikauliza fildi ni muda gani na nani atanisimamia. Aliyepokea akasema fildi ni ya wiki chache, msimamizi ni yeyote aliyepo kwenye kituo, nitafute mwenyewe. Nikauliza kama lazima awe na uzamili. Kimya, halafu akasema niandike barua pepe. Programu yenyewe ni nzuri kwenye utafiti, walimu wanajulikana, na ada naiweza. Sasa Mtetezi nifanyeje, niache?

Mtetezi wa Kitongoji

Usiache. Jibu ulilopewa utalisikia sehemu nyingi, na ukisubiri chuo kikamilike utasubiri sana. Utafiti wao mzuri uchukue, na fildi uipange mwenyewe kabla hujasajiliwa.

Fanya hivi. Waandikie ile barua pepe waliyoitaka, na usiulize tena msimamizi ni nani. Waambie umeshampata mtu mwenye uzamili wa fani hii, nje ya halmashauri yako, na unaomba akubaliwe rasmi kuwa msimamizi wako na apelekewe fomu za tathmini. Chuo ambacho hakina mtu mara nyingi kitafurahi kuletewa. Huyo mtu umeshamsoma hapo juu. Dada wa Wodini, naomba mwasiliane inboksi, na kama hospitali yako iko mbali na Mwanza tutafute mwenzako wa karibu.

Kwa mwajiri, omba likizo ya masomo ya kipindi cha fildi peke yake ikiwa hawatakupa ya mwaka mzima. Mkurugenzi anaelewa zaidi ombi la miezi mitatu lenye jina la hospitali na jina la msimamizi kuliko ombi la "masomo". Mkishindwana kabisa, badilishaneni: wewe nenda mahabusu ya watoto au hospitali siku mbili kwa wiki, mwenzako ashike dawati lako siku hizo, na mwaka unaofuata umshikie yeye.

Tasnifu yako iandike kutoka hukohuko. Misamaha ya matibabu ina maswali mengi yasiyojibiwa: nani anaombewa, nani anakataliwa, nani anaona aibu kuomba. Hapo utafiti unaoutaka na fildi ninayoing'ang'ania mimi vinakuwa kitu kimoja.

Ile karatasi ya Mama Neema nitaipandisha hapa kesho kwa Kiswahili, tayari kuchapwa. Wenye vituo vinavyoweza kupokea mwanafunzi wa uzamili, na wenye uzamili walio tayari kusimamia, waandike mkoa wao hapa chini. Niko Kanda ya Ziwa, naweza kupokea wawili kwa wakati mmoja.

Bi Shani wa Ng'ambo

Unguja Mjini, mmoja. Aje tayari kukaa na Kadhi.

Mwana wa Kilifi

Kilifi na Mombasa, wawili. Nitazungumza na mkurugenzi wiki hii anipunguzie ripoti za wafadhili nipate nafasi ya kuwasimamia.